Grini zenye miteremko mikali: mtihani wa haki au uonevu?

Ukitoka kituo cha Woolwich na kushika njia ya kusini, miguu yako itakuambia mapema kwamba upande huu wa London si tambarare. Barabara zinapanda hadi Shooters Hill, kilima chenye mita 132 juu ya usawa wa bahari, mojawapo ya sehemu za juu kabisa za jiji. Huko kuna klabu ya gofu iliyoanzishwa mwaka 1903, Shooters Hill Golf Club. Ukipanda basi namba 161 kutoka Woolwich utafika Eltham, ilipo klabu ya Royal Blackheath, ambayo kwa mapokeo hujihesabia umri wake tangu mwaka 1608, enzi za mfalme James, aliyekuja kutawala Uingereza akitoka Scotland pamoja na watu wake na michezo yao. Klabu hiyo ilihamia Eltham mwaka 1923.

Kwa hiyo familia zetu zinazoishi Woolwich, Plumstead na Thamesmead ni jirani wa baadhi ya viwanja vya kale vya mchezo huu, ingawa wengi wetu huviona kupitia dirisha la basi tu. Siku hizi mambo yanaanza kubadilika. Kuna watoto wanaojaribu gofu kwa sababu rafiki wa shuleni anacheza, na kuna wanafunzi wanaoalikwa na wenzao wa chuo. Mzazi naye husimama pembeni akiangalia, na haichukui muda kabla ya kusikia malalamiko ambayo kila mchezaji huyatoa siku zake za mwanzo: "Nimepiga vizuri kabisa, mpira umefika karibu na shimo, halafu umerudi mpaka miguuni kwangu. Hii si haki!"

Malalamiko hayo yanastahili kusikilizwa. Wataalamu wa kubuni viwanja wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka mia moja, na ubishi huo unagusa jambo ambalo wazazi hulijua vizuri: tofauti kati ya mtihani mgumu na mtihani wa uonevu.

Grini, na sababu ya kuinama kwake

Kwa wasioufahamu mchezo, grini ni ile sehemu ya mwisho yenye nyasi fupi kama zulia, ambako shimo limechimbwa na kibendera kusimamishwa. Mchezaji anapofika hapo huacha kupiga mpira juu. Anachukua fimbo ya kusukumia na kuuviringisha mpira hadi uingie shimoni. Karibu nusu ya ustadi wa gofu uko hapa, na nguvu za mikono hazisaidii kitu.

Katika mazungumzo yetu ya kila siku, mteremko ni neno la raha. Mtu anayependa mteremko ni yule anayetaka vitu vya bure bila jasho. Kwenye grini maana hiyo inageuka. Mpira unaosukumwa kuteremka ndio unaotisha, kwa sababu ukilikosa shimo, hujui utasimama wapi.

Mbona basi wasizilaze grini zote kama sakafu ya nyumba? Sababu ya kwanza ni maji. Sehemu kubwa ya ardhi ya London ni udongo wa mfinyanzi, ambao unashika maji wakati wa baridi na kupasuka wakati wa kiangazi. Grini iliyo bapa kabisa kwenye udongo wa namna hiyo ingekuwa bwawa kuanzia Novemba hadi Machi. Lazima uso wake uiname kidogo ili mvua ipate njia ya kutoka. Sababu ya pili ni mchezo wenyewe. Grini bapa humuuliza mchezaji swali moja tu: je, unaweza kusukuma mpira ukaenda moja kwa moja? Grini yenye mawimbi humuuliza pia anafikiri nini, anakuja kutoka upande gani, na yuko tayari kulenga mbali na shimo ili ardhi imrudishie mpira.

Kwa hiyo mteremko wenyewe si kosa. Ugomvi unaanza pale mteremko unapokutana na jambo la pili, nalo ni kasi ya nyasi.

Kilima ni kile kile, nyasi zimebadilika

Mwaka 1935, Mmarekani Edward Stimpson alikwenda kutazama mashindano ya wazi ya Marekani katika uwanja wa Oakmont. Alimwona Gene Sarazen, mmoja wa wachezaji bora wa zama zile, akisukuma mpira ambao ulipita, ukatoka nje ya grini na kuingia kwenye dimbwi la mchanga. Stimpson alishuku kwamba grini zilikuwa na kasi kupita kiasi, lakini hapakuwa na namna ya kuthibitisha. Akatengeneza kijia cha mbao chenye mfereji: unaweka mpira juu, unainua upande mmoja mpaka mpira uteremke wenyewe, halafu unapima umekwenda futi ngapi juu ya nyasi. Kifaa hicho kinaitwa stimpmita. Chama cha gofu cha Marekani kilikiboresha na kuanza kukigawa kwa watunza viwanja mwaka 1978.

Vipimo vilivyochukuliwa Marekani katika miaka hiyo ya 1970 vilionyesha wastani wa takriban futi 6 na nusu. Leo katika mashindano makubwa ya wachezaji wa kulipwa, futi 11, 12 au 13 ni jambo la kawaida. Mashine za kukata nyasi zimekuwa kali zaidi, aina za nyasi zimeboreshwa, na watazamaji wa televisheni wamezoea kuona grini zinazong'aa kama kioo.

Hebu tufanye hesabu ambayo mwanafunzi wa fizikia wa sekondari anaweza kuirudia. Chukua mpira ambao mahali tambarare ungekwenda mita 3 na kusimama. Sasa usukume kwa nguvu ile ile kuteremka mahali ambapo ardhi inashuka sentimita 3 kwa kila mita. Kwenye nyasi za futi 6 na nusu utakwenda kama mita 4. Kwenye nyasi za futi 12 utapita mita 5. Ongeza mteremko ufike sentimita 5 kwa mita. Kwenye nyasi za zamani mpira bado utapungua mwendo na kusimama. Kwenye nyasi za futi 12 unakaribia kutosimama kabisa; ukishaanza kuviringika utakwenda mbali sana kabla ya kusimama.

Hapo ndipo kiini cha suala lote. Mtu aliyebuni grini yenye mteremko wa sentimita 5 mwaka 1903 hakuwa mkatili. Alibuni kwa nyasi alizozijua, nyasi zilizoushika mpira. Kilima kimebaki kile kile, ila sisi tumezinyoa nyasi na kuyageuza maana maamuzi yake. Anayeuliza kama grini fulani ni ya haki bila kuuliza kasi yake ni sawa na anayeuliza kama kona ya barabara ni hatari bila kuuliza magari yanapita kwa mwendo gani.

Siku ambazo walizidisha

Mifano ya mambo kuharibika iko wazi, na imetokea mbele ya macho ya dunia. Mwaka 1998, katika uwanja wa Olympic Club, San Francisco, shimo la 18 liliwekwa kwenye mteremko mkali siku ya pili ya mashindano ya wazi ya Marekani. Payne Stewart alisukuma mpira ukalikosa shimo kidogo tu, kisha akasimama akiutazama ukiteremka polepole, mita baada ya mita, bila dalili ya kusimama. Mchezaji mwingine, Kirk Triplett, aliweka fimbo yake kuuzuia mpira wake usiendelee kumkimbia, akapewa adhabu ya mipigo 2.

Mwaka 2004 mashindano hayo yalikuwa Shinnecock Hills, karibu na New York. Siku ya mwisho, grini ya shimo la 7 ilikauka kiasi kwamba mipira iliyopigwa vizuri ilikataa kukaa. Makundi ya kwanza yalipita katika mateso hayo. Ndipo waandaaji wakaamua kuimwagia maji kati ya kundi na kundi. Tazama jambo hili kwa jicho la mzazi mwenye watoto wawili: wa kwanza amefanya mtihani mgumu, wa pili amepewa mtihani uliolainishwa, na wote wanasahihishwa kwa kipimo kimoja. Mwaka 2018, katika uwanja huo huo, Phil Mickelson alikimbia na kuupiga mpira wake ukiwa bado unatembea kuteremka kwenye grini ya 13, akaadhibiwa. Jioni hiyo waandaaji walikiri kwamba grini zilikuwa zimezidi.

Hata St Andrews, uwanja ambao wachezaji wengi huuita nyumbani kwa gofu, umekumbwa na hali hii. Katika mashindano ya wazi ya mwaka 2015 mchezo ulisimamishwa kwa saa nyingi siku ya Jumamosi kwa sababu upepo ulikuwa ukiisogeza mipira iliyotulia, na grini ya 11, yenye mteremko unaojulikana tangu zamani, ilikuwa katikati ya tatizo. Mashindano yalimalizika Jumatatu. Kabla ya hapo, sehemu ya grini hiyo ilikuwa tayari imepunguzwa mteremko ili kupata nafasi zaidi za kuweka shimo.

Maswali matatu ya kupima haki

Kutokana na mifano hiyo tunaweza kutoa kipimo ambacho mzazi au mwanafunzi anaweza kukitumia uwanja wowote.

La kwanza: je, kuna mpigo ambao ungefaulu? Kama mchezaji aliyefikiri vizuri na kupiga vizuri anaweza kuuacha mpira karibu na shimo, hata kwa njia ya kuzunguka, grini hiyo ni ngumu lakini ni ya haki. Kama hakuna njia yoyote, ni bahati nasibu.

La pili: je, kosa dogo linaadhibiwa kidogo na kosa kubwa linaadhibiwa sana? Katika grini mbaya, anayekosa kwa sentimita 2 na anayekosa kwa mita 2 wote hujikuta chini ya kilima.

La tatu: je, wote wanakutana na grini ile ile? Hapa ndipo Shinnecock ya 2004 ilipoanguka.

Ukitumia maswali haya utaona kwamba mara nyingi dawa haihitaji tingatinga. Shimo huhamishwa kila mara, na miongozo ya uwekaji wake inashauri kwamba eneo la futi 2 hadi 3 kulizunguka lisiwe na mteremko mkali. Sheria nayo imesaidia: tangu mwaka 2019, mpira ulioinuliwa na kurudishwa mahali pake kwenye grini, kisha ukasukumwa na upepo au ukateremka wenyewe, hurudishwa ulipokuwa bila adhabu.

Mteremko unaweza kumlinda asiye na nguvu

Kuna upande mwingine wa hoja hii ambao husahaulika, nao unazihusu familia moja kwa moja. Mfikirie kijana wa miaka 20 anayepiga mpira mita 250, na bibi yake anayepiga mita 120. Uwanja wenye grini bapa hauna swali la kumzuia kijana. Anafika mapema, na akifika hakuna kinachomtatiza.

Sasa weka grini inayoinama kutoka nyuma kuja mbele. Anayefika kwa nguvu na kupita shimo amejiletea balaa la kusukuma kuteremka. Bibi, ambaye mpira wake umeishia chini ya shimo, anasukuma kupanda, na hiyo ndiyo kazi rahisi kuliko zote. Nguvu zimepungua thamani, busara imepanda. Alister MacKenzie, daktari wa Uingereza aliyeacha tiba akabuni viwanja, na ambaye kwa pamoja na Bobby Jones alibuni Augusta National ya Marekani, aliamini jambo hili kwa dhati: uwanja mzuri humwachia mchezaji dhaifu njia yake, huku ukimbana hodari anayetaka njia ya mkato.

Lakini tusifunge macho. Ligeuze umbo hilo: grini inayoinama kwenda nyuma, na mbele yake dimbwi la mchanga. Hapo anayeweza kuusimamisha mpira ni yule tu anayeurusha juu sana na kuushusha wima. Bibi na mtoto wa miaka 10 hawana mpigo huo, na hakuna mazoezi ya wiki moja yatakayowapa. Mteremko ni ule ule, ila njia yao imefungwa. Kwa hiyo anayedai kwamba miteremko yote ni mizuri amekosea sawa na anayedai yote ilazwe.

Wale tuliozoea brauni

Wasomaji waliokulia karibu na viwanja vidogo vya bara, Afrika Mashariki, wanaweza kukumbuka kitu tofauti kabisa: brauni. Mahali ambapo maji yalikuwa haba, hapakuwa na grini ya nyasi. Kulikuwa na duara la mchanga uliochanganywa na oili, na kifaa cha kuulainisha kabla ya kusukuma mpira. Brauni ililazimika kuwa karibu bapa, maana mvua ingeuhamisha mchanga wote. Mtu aliyejifunza hapo alizoea mstari ulionyooka. Akija Uingereza na kukuta grini inayopinda kama mgongo wa ng'ombe, ana haki ya kushangaa.

Wengine walikulia kwenye nyasi za vilima vya Nairobi, mahali kama Muthaiga na Karen ambako mashindano ya Kenya Open, yaliyoanza mwaka 1967, yamechezwa, na ambayo Seve Ballesteros aliyashinda mwaka 1978. Huko kuna elimu ambayo haikuandikwa vitabuni: elimu ya kedi, mbeba mfuko wa fimbo, anayejua kila grini inaelekea wapi asubuhi na jioni. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya walianza wakiwa kedi. Kwao mteremko ulikuwa ni maarifa ya kuuzwa, maarifa ambayo tajiri mwenye fimbo za bei hakuwa nayo. Kijana asiye na kitu aliweza kusimama nyuma ya bwana mkubwa na kumwambia, "Lenga kulia, mzee, futi mbili," na mzee akatii.

Mambo ya kumfundisha mtoto

Anza kutazama kabla hujafika. Grini husomeka vizuri zaidi ukiwa mita 30 au 40 nyuma yake, ukiona umbo lote. Muulize mtoto: "Tukimwaga ndoo ya maji pale, yatakwenda wapi?" Jibu lake ndilo jibu la mpira.

Mfundishe kuuacha mpira chini ya shimo. Ni bora kubaki mita 3 chini kuliko mita 1 juu.

Mwambie afikirie kasi kwanza, mwelekeo baadaye. Wanaoanza hukazana na mstari, kumbe makosa makubwa hutokana na nguvu.

Chezeni kwa pointi. Mfumo wa Stableford, uliotumika kwa mara ya kwanza katika mashindano mwaka 1932 huko Wallasey, unamruhusu mtoto kuokota mpira wake mambo yanapoharibika kwenye shimo moja na kuanza upya kwenye linalofuata. Grini moja kali haiharibu siku nzima.

Mwanafunzi naye afahamu handikapu. Katika mfumo wa dunia ulioanza mwaka 2020, ugumu wa kila uwanja hupimwa, na uso wa grini ni sehemu ya kipimo hicho. Ukicheza uwanja mgumu zaidi unapewa mipigo zaidi.

Jaribio la nyumbani pia linafaa siku ya mvua, na mvua hapa haikosekani. Weka ubao mpana, uegemeze juu ya kitabu kimoja, uviringishe gololi juu yake. Kisha utandike taulo na urudie. Mtoto ataona kwa macho yake kwamba kilima hakikubadilika, ila gololi imetii taulo.

Uamuzi ulio mbele ya klabu

Klabu za zamani zenye grini zenye mawimbi zina njia tatu. Zinaweza kuzilaza, ambayo ni kazi ya gharama na ambayo haifutiki kirahisi. Zinaweza kuziacha na kuendelea kukimbizana na kasi ya televisheni, halafu watoto na wazee wakakata tamaa na kuhama. Au zinaweza kuinua kidogo mashine ya kukata nyasi, kuchagua kwa makini mahali pa shimo, na kurekebisha kile kipande kidogo tu ambacho hakina tena mahali pa kuweka shimo.

Njia ya tatu ndiyo yenye haki zaidi. Inalinda kazi ya waliotangulia, haigharimu sana, na inawaachia nafasi wale ambao mchezo huu unawahitaji ili uendelee kuishi: wanaoanza, wenye umri mkubwa, na watoto wa wageni waliohamia karibuni. Kwa hiyo mtoto wako akilalamika tena kwamba mpira umerudi miguuni kwake, usikimbilie kumnyamazisha wala kumkubalia. Muulize kama kulikuwa na njia nyingine ya kuupeleka. Kama ipo, mrudishe akajaribu. Kama haipo, muulize mtunza uwanja kwa heshima leo nyasi ziko futi ngapi, na kwa nini shimo limewekwa pale. Klabu nzuri haitaona vibaya kuulizwa.